Ofisi ya Mwembe Tayari Iliyokataa Kunifichia Deni Langu

Mwezi wa Machi mwaka jana niliomba kazi ya ukarani wa stoo katika ghala moja la forodha huko Shimanzi, mahali ambapo bidhaa hukaa chini ya kufuli mpaka mwenyewe amalize kulipa ushuru. Fomu ya maombi ilikuwa na kurasa sita. Katika ukurasa wa nne paliulizwa kama mwombaji amewahi kuorodheshwa kuwa mdaiwa aliyeshindwa kulipa mkopo, na chini ya swali hilo palikuwa na onyo kwamba jibu la uongo litabatilisha maombi, na likigunduliwa baadaye litabatilisha hata ajira yenyewe. Mimi nilikuwa na deni. Hoteli niliyokuwa nikifanya kazi upande wa Bamburi ilifungwa mwaka 2020 wakati wa korona, mshahara ukakatika, na mkopo wa benki niliouchukua kwa nia njema ukabaki kuning'inia. Ninaandika tathmini hii kuhusu huduma ya ushauri wa madeni iliyonivusha swali lile, kwa sababu najua wengi hapa Mombasa wameshika fomu kama ile mikononi na hawajui waende wapi.

Kwanza niliingia mahali pabaya. Kuna ofisi moja mjini, ambayo sitaitaja, iliyonitaka shilingi 6,000 ili "kusafisha jina" langu CRB, yaani kwenye kampuni zinazotunza taarifa za mikopo, ndani ya siku tatu, pamoja na nywila yangu ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na ikanishauri niandike "hapana" kwenye lile swali. Nilitoa malipo ya mwanzo ya shilingi 1,000, ambayo sikuyaona tena. Mtu yeyote anayeahidi jambo hilo anadanganya, kwa maana taarifa za mkopo ulioshindikana hubaki katika kumbukumbu kwa miaka mitano hata baada ya deni kulipwa. Kinachobadilika ni kuwa kumbukumbu huonyesha kwamba ulilipa, na tofauti hiyo, kama nilivyokuja kuelewa, ni kubwa sana machoni pa mwajiri.

Ofisi ninayoitathmini iko Mwembe Tayari, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la magodoro, si mbali na yanapoegeshwa mabasi ya Nairobi. Mwenyewe ni mzee aliyestaafu baada ya miaka mingi katika kitengo cha mikopo cha benki, na aliniomba nisiandike jina lake kwa kuwa hana nguvu ya kuhudumia watu wengi kwa wakati mmoja. Ana meza, feni, benchi la wateja na kompyuta moja ambayo mjukuu wake huitumia kuchapa barua. Bei yake imeandikwa kwenye kadibodi ukutani: shilingi 3,500 kwa kazi yote, ada za serikali na za wakili zikiwa mbali. Hakuna kuongezewa katikati ya safari. Kwa fedha hizo nilikwenda mara nne katika muda wa wiki tatu, nikapata barua mbili zilizoandikwa vizuri, mpango wa kulipa, na mapitio ya fomu yote, swali baada ya swali.

Jambo la kwanza lililonifanya nimwamini ni dogo. Ilipofika wakati wa kufungua akaunti yangu ili tuombe ripoti ya mikopo, alinigeuzia kompyuta, akasogeza kiti chake pembeni na kuniambia, "Andika mwenyewe, mwanangu, mimi sitaki kuijua." Alinieleza pia kwamba miongoni mwa kampuni zenye leseni ya kutunza taarifa za mikopo nchini zimo TransUnion, Metropol na Creditinfo, na kwamba sheria inampa kila mtu haki ya kupata ripoti yake mara moja kwa mwaka bila malipo. Ofisi ile ya kwanza ilitaka kuniuzia haki hiyo.

Kabla ripoti haijafika aliniuliza nina madeni mangapi. Nikasema moja. Ripoti ilipofunguka yalikuwa mawili: mkopo wangu wa benki, na mwingine niliomdhamini mwenzangu wa kazini, ambaye alichelewa kulipa na jina langu likaburuzwa pamoja na lake. Sikuwa nimeusahau ule wa pili. Niliuficha kwa aibu, nikijipa moyo kwamba haunihusu. Mzee hakupandisha sauti. Alivua miwani, akanyamaza kidogo, kisha akasema maneno ambayo bado ninayakumbuka: "Deni naweza kukusaidia kulieleza. Hili ulilonifanyia sasa hivi, ukimfanyia yule wa ghala, hapana barua ya kulieleza." Nilimwomba radhi. Naeleza kisa hiki ingawa hakinipendezi, kwa sababu ndicho kiini cha huduma ya mtu huyu: anakukagua kwa ukali kuliko atakavyokukagua mwajiri, ili ukifika huko pasiwe na jipya.

Deni la udhamini liliisha kwa wepesi nisioutarajia. Mwenzangu alikuwa amemaliza kulipa mwaka 2022 na benki haikupeleka taarifa hiyo, kwa hivyo tuliandika malalamiko kwa kampuni ya taarifa za mikopo, tukaambatanisha barua ya kumaliza deni, na rekodi ikarekebishwa. La kwangu ndilo lililomchukua mzee asubuhi nzima, na hapo nilimwona mtu aliyebobea katika kazi yake. Benki ilikuwa ikinidai shilingi 22,400. Alitaka kujua salio lilikuwa kiasi gani siku mkopo ulipohesabiwa kuwa mbovu, tukapekua taarifa za akaunti mpaka tukalipata: shilingi 9,800. Ndipo akanisomea kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kinachosema kwamba mkopo ukishaharibika, benki haiwezi kudai zaidi ya salio lililokuwapo siku hiyo, riba isiyozidi kiasi cha salio hilo hilo, na gharama za kufuatilia deni. Salio la 9,800 na riba ya 9,800 ni 19,600. Barua ya benki haikutaja gharama yoyote ya ufuatiliaji. Tuliandika barua ya heshima yenye hesabu hiyo na ombi la kulipa kwa miezi minne, shilingi 4,900 kila mwezi, na baada ya siku tisa benki ikakubali kwa maandishi. Shilingi 2,800 nilizookoa hapo zilikaribia ada yote ya mzee.

Sasa nieleze kuhusu fomu yenyewe, na kwa nini mwenye ghala anataka kujua habari za deni la karani. Mimi niliona ni kudhalilishana. Mtu akishindwa kulipa mkopo wa shilingi elfu kadhaa, hilo lina uhusiano gani na kuhesabu makasha? Jibu lilinijia kutoka mbali. Binamu yangu aliyehamia Marekani, ambaye sasa ni raia wa huko, alikuwa amepitia uchunguzi wa kupewa kibali cha usalama kwa ajili ya kazi ya mawasiliano, na nilipomsimulia mashaka yangu alinitumia miongozo ambayo serikali yao hutumia kuamua nani aaminiwe na siri za nchi. Niliichapisha nikaenda nayo Mwembe Tayari katika safari ya tatu. Mzee aliisoma kwa penseli kwa muda wa nusu saa hivi, wateja wengine wakisubiri benchini, na sijawahi kumwona akifurahia karatasi kiasi kile.

Miongozo hiyo ni 13, kila mmoja umepewa herufi, na toleo linalotumika lilianza kufanya kazi tarehe 8 Juni 2017. Mwongozo F unahusu hali ya fedha. Hausemi kwamba mwenye deni ni mtu mbaya. Unasema kwamba anayeishi kupita uwezo wake, au anayeacha madeni yalale bila kuyashughulikia, huenda ana udhaifu wa kujizuia au wa kufuata kanuni, na kwamba aliyebanwa sana na fedha anaweza kushawishika kutenda kosa ili azipate. Mzee aliikumbuka habari ya Aldrich Ames, afisa wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, aliyeanza mwaka 1985 kuwauzia Wasovieti siri akiwa amesongwa na madeni, na aliyekamatwa Februari 1994 baada ya kuishi kitajiri kwa miaka, hata kununua nyumba ya dola 540,000 kwa fedha taslimu. Ndiyo maana mwongozo huo huo unatilia shaka pia utajiri usioelezeka. Nikafikiria Shimanzi. Kasha moja likitoka ghalani kabla ya ushuru kulipwa, kuna mtu atakayekuwa tayari kumlipa karani zaidi ya deni langu lote kwa usiku mmoja. Tangu hapo sikuliona tena swali la ukurasa wa nne kuwa ni tusi.

Lakini kilichonigusa zaidi ni sehemu ya pili ya mwongozo huo, ile inayotaja mambo yanayopunguza uzito wa deni. Imetajwa hali iliyo nje ya uwezo wa mtu, kama kupoteza kazi, kuanguka kwa biashara, maradhi ya ghafla, kifo au talaka, mradi mhusika awe alijitahidi kuchukua hatua za busara katika hali hiyo. Imetajwa pia kuonana na mshauri wa fedha anayeaminika, kuanza kulipa kwa nia njema na kushikilia mpango, na kuwa na sababu ya haki ya kubishia deni pamoja na ushahidi wake. Nilihisi kana kwamba aliyeandika alikuwa ameketi nasi pale juu ya duka la magodoro. Korona ilinichukulia kazi, nilikuwa mbele ya mshauri, mpango wa miezi minne ulikuwa umetiwa saini, na deni la udhamini tulikuwa tumelibishia na kushinda. Hayo yote ni mambo ya kusema, na yasingeweza kusemwa na mtu aliyekwisha kuandika "hapana."

Hapo ndipo unapoingia Mwongozo E, unaohusu mwenendo wa mtu. Huo unamwangalia mtu aliyeficha kwa makusudi, aliyeacha jambo muhimu nje ya fomu au aliyetoa maelezo ya kupotosha, na unachukulia kwamba asiyesema kweli wakati wa kuchunguzwa hawezi kutegemewa kulinda siri. Fomu yao, inayoitwa SF-86, ina sehemu nzima ya fedha inayorudi nyuma miaka saba na kuuliza hata deni lililochelewa kwa zaidi ya siku 120. Kusema uongo kwa makusudi ndani ya fomu hiyo ni kosa la jinai linaloweza kumpeleka mtu jela hadi miaka mitano. Binamu yangu nusura aanguke hapo. Alikuwa na bili ya hospitali iliyokuwa imepelekwa kwa wakusanya madeni, akaiacha nje akidhani ni ndogo, kisha moyo ukamsuta akampigia simu afisa wa usalama wa kampuni yake na kuirekebisha fomu kabla mchunguzi hajamuuliza. Mwongozo E unautambua upesi wa namna hiyo: anayejirekebisha kwa hiari yake kabla ya kukabiliwa na ushahidi hupunguziwa uzito wa kosa lake. Ilimchukua miezi mingi ya kungoja, lakini kibali alikipata. Wamarekani humpima mtu kwa ukamilifu wake, yaani umri wake wakati wa tukio, ukubwa wa kosa, muda uliopita na uwezekano wa kosa kurudiwa, na mzee alipigia mstari aya hiyo mara mbili.

Ni kweli kwamba ghala la Shimanzi si ofisi ya ujasusi, na sheria za Marekani hazinihusu mimi wa Likoni. Hapa kwetu sharti la uadilifu limejengwa juu ya Sura ya Sita ya Katiba ya 2010, iliyoandikwa kwa ajili ya maafisa wa umma, na waajiri wengi wa binafsi wameiga utaratibu wake wa kudai vyeti. Hata hivyo mzee aliitumia ile karatasi kuipanga barua yangu ya maelezo: aya ya kwanza deni lilitokeaje, ya pili nilifanya nini, ya tatu leo liko wapi, na viambatisho vya kila dai. Barua haikuzidi ukurasa mmoja. Aliniondolea sentensi mbili nilizotaka kuweka kuhusu ugumu wa maisha, akisema kwamba msomaji wa fomu anatafuta tarehe na risiti, huruma atajitafutia mwenyewe.

Vyeti vingine sivyo vilivyonisumbua, ingawa kwa wengine ndivyo vinavyochelewesha. Cheti cha kodi cha KRA, mamlaka ya mapato, hutolewa bila malipo, lakini nilikuwa sijawasilisha ritani za kodi za mwaka mmoja niliokaa bila kazi, nikatozwa shilingi 2,000 kwa kutojua kwamba hata asiye na kipato hupaswa kuwasilisha kufikia tarehe 30 Juni. Aliyekopa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa vyuo, na bado analipa anaweza kuomba cheti cha kuonyesha kwamba anatekeleza wajibu wake, na asiyelipa asilale, kwa kuwa faini yake ni shilingi 5,000 kila mwezi. Cheti cha tabia njema huombwa kwa eCitizen, na alama za vidole nilipigwa kwenye Huduma Centre iliyo katika jengo la Posta, Digo Road, asubuhi moja tu. Kwa haya mzee hutoa maelekezo na kuangalia karatasi, hafanyi zaidi, na nadhani ni sawa.

Siku ya usaili meneja aliufungua ukurasa wa nne kabla ya kuniuliza jambo lolote. Nilimpa barua, ripoti, mkataba wa benki na risiti ya mwezi wa kwanza. Aliuliza maswali matatu, moja likiwa kali: kama mtu angenipa fedha za kumaliza deni siku hiyo, ningefanya nini? Nilijibu kwamba deni lina mpango na tarehe ya mwisho, na kwamba lingekuwa la siri ndiyo ningekuwa na sababu ya kumsikiliza mtu huyo. Sikulipanga jibu hilo. Nililipata katika yale mazungumzo ya Mwembe Tayari. Nilipewa kazi, kwa muda wa majaribio wa miezi sita badala ya mitatu waliyopewa wenzangu, na sikushikishwa funguo za chumba cha bidhaa ghali mpaka risiti ya mwezi wa nne ilipoingia katika faili langu. Naliona hilo kuwa la haki.

Nisiwe mpendelevu, kwa maana ofisi hii ina kasoro, na moja ni nzito. Faili za wateja zimepangwa kwenye rafu iliyo wazi nyuma ya benchi, majina yakisomeka, na siku ya pili niliona jina la jirani yangu bila kutaka. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na hata isingekuwapo, anayeleta aibu yake kwa mtu anastahili kusitiriwa. Nilimwambia mzee waziwazi. Alikubali, akasema hakuwahi kulifikiria, na safari ya nne nikakuta kabati moja la chuma lenye kufuli, ingawa faili nyingine zilikuwa bado nje. Kasoro nyingine ni za kawaida: hatoi miadi kwa simu, mashine ya kuchapa hukwama, mteja mmoja anaweza kukalia kiti kwa saa mbili ilhali wengine wanangoja, na ngazi ni za wima mno kwa mzee au mgonjwa. Risiti ya malipo yangu ya kwanza nilipewa siku ya pili baada ya kuikumbusha, jambo ambalo halipendezi kwa mtu anayewafundisha wengine thamani ya risiti.

Ninaipa nyota nne kati ya tano, na ya tano nitaiongeza siku faili zote zitakapokuwa ndani ya kabati. Kwa anayetafuta wa kumfutia deni au kumtengenezea cheti, mahali hapa hapamfai, na mzee atamwambia hivyo mlangoni bila kumtoza kitu. Nilimshuhudia kijana mmoja aliyetaka tarehe ya barua ya benki ibadilishwe. Alirudishiwa karatasi zake na kuombewa heri.

Ofisi hufunguliwa saa mbili asubuhi hadi saa kumi, Jumatatu hadi Jumamosi, na Ijumaa hufungwa kuanzia saa sita mpaka saa nane kwa ajili ya sala. Afadhali kufika mapema kabla benchi halijajaa. Ukienda, chukua kitambulisho, taarifa za akaunti tangu siku ulipokopa, barua zote za madai hata zile ulizoziogopa kuzifungua, na fomu ya mwajiri ikiwa bado haijaandikwa. Aliyekopa kwa laini ya simu zaidi ya moja aende na namba zote, kwani mimi nilisahau moja nyumbani, na ikanilazimu kupanda feri tena kesho yake kuipeleka.